Reli ya Elwak Iliyopita Ndani ya Stoo

Ngozi ya mbuzi iliyotiwa chumvi ina harufu isiyotoka puani. Ichanganye na mafuta ya taa, na buni inayokaangwa kwa samli nyumba ya pili, na bati lililopigwa na jua la Elwak tangu asubuhi, hapo utakuwa umepata harufu ya stoo ya Adeer Isaak, ndugu wa baba yangu. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya reli. Watu wa bara huniambia reli inanuka makaa na moshi, na mimi sibishani nao, maana wao wameiona ile ya serikali. Ya kwetu ilinuka ngozi. Ilianzia Garissa, karibu na mlango wa nyuma, ikapita Modogashe, ikatoboa ukuta, ikatokea Habaswein, ikaenda Wajir, Tarbaj na Kotulo, ikaishia Elwak chini ya dirisha la mbele, na yote hiyo ilikuwa ndani ya vyumba viwili vya udongo ambavyo mtu mzima angevivuka kwa hatua ishirini. Hadi leo hakuna reli nyingine iliyowahi kufika Elwak. Nasema hivyo bila kujisifu. Haya, nasema na kujisifu kidogo.

Nilikuwa na miaka kumi, au kumi na mmoja. Siku niliyozaliwa hakuna aliyeiandika, wanasema tu ulikuwa mwaka wa nyasi nyingi. Kwetu kulikuwa porini upande wa Kotulo, kwa ngamia na mbuzi wa baba, tukihama na nyumba yetu mgongoni mwa ngamia. Kiangazi kile cha jilaal, tukiwa njiani, nikaanguka kutoka juu ya mzigo. Nilikuwa nimekaa mahali nilipokatazwa kukaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjika mkono wa kushoto. Fundi wa mifupa akaunyoosha, akaufunga kwa vijiti na ngozi mbichi, akasema mtoto huyu hatakamua wala kuteka maji mpaka mvua za gu. Mtoto asiyekamua wala kuteka maji ni mdomo tu wa kulishwa, kwa hiyo baba akanileta mjini nikae kwa ndugu yake, Adeer Isaak, mwenye duka. Hakuna aliyelia. Mama alinipa chombo cha nyirinyiri, ile nyama kavu ya kwenye samli, akaniambia nisiwe mzigo mara mbili.

Pale kwa Adeer nilimkuta Abti Nur, kaka wa mama yangu. Ndugu wa mama kula kwa ndugu wa baba si jambo la heshima sana kwetu, na watu walipata la kusema. Abti alikuwa ameondoka kijana akaenda bara, akafanya kazi ya reli miaka mingi katika stesheni ndogo ndogo: kushika bendera, kugeuza njia, kuunganisha mabehewa. Alirudi na sanduku la mbao, filimbi, kofia yenye ukingo mweusi, na hakurudi na mkono wa kulia. Hakurudi na ngamia pia, na hilo ndilo watu waliliona kubwa zaidi. Mwanamume asiye na ngamia kwetu husalimiwa mwisho. Ukimwuliza mkono wake uko wapi, alijibu kwamba aliusahau kazini. Adeer, ambaye alikuwa na ulimi mkali lakini moyo laini, alimpa kazi ya kulinda stoo mbili za nyuma, na kwa kuwa mwaka ule malori hayakuwa yanakuja na ngozi zilikuwa kwenye pembe moja tu, Abti akaona nafasi. Walipomwuliza anafanya nini humo na misumari, alisema, "Serikali haitaileta reli huku, basi nimeileta mwenyewe."

Kwa kuwa sikuwa na kazi, nilikaa mlangoni nikamtazama. Siku ya tatu akaniambia nishike waya. Yeye alikuwa na mkono wa kushoto, mimi nilikuwa na wa kulia. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, wanasema Waswahili, lakini tukiketi bega kwa bega, mimi na Abti tulikuwa mtu mmoja kamili mwenye midomo miwili. Tulipanga madebe yaliyojazwa mchanga kuzunguka kuta zote, tukalaza mbao za masanduku ya chai juu yake, zikafika kiunoni mwangu. Mataruma, ile miti inayolala chini ya reli, tulichonga kwa mti wa mgunga, urefu wa kidole. Reli zenyewe zilikuwa mikanda ya chuma inayofunga marobota ya nguo. Tuliinyoosha kwa jiwe, tukaisimamisha kwa upande wake mwembamba, tukaibana kwa misumari midogo. Mabehewa yalikuwa makopo ya maziwa ya unga, magurudumu yalikuwa vizibo viwili viwili vya chupa vilivyogongwa vikashikana. Kichwa cha treni kilikuwa kopo refu la mafuta ya injini, na bomba lake la moshi lilikuwa ganda tupu la risasi. Hakikuenda chenyewe. Dereva alikivuta kwa waya wenye ndoana, akitembea pembeni polepole, na Abti alitufundisha, mimi na watoto wengine waliokuja kuendesha, tushike mwendo kwa kuimba wimbo wa kunywesha ngamia, kwa sababu wimbo ule hauharakishwi na mtu yeyote.

Kona zilitushinda siku nyingi. Treni ilifika kona ya Wajir ikaanguka ubavu, kila mara. Abti alikata, alipinda, alitukana kwa Kiswahili cha stesheni ambacho sitakiandika hapa. Shida ni kwamba kona zetu zilikuwa za mtu, hazikuwa za treni. Mtu hugeuka pale pale aliposimama. Treni inataka kugeuka kama ngamia aliyebeba nyumba, kwa mzunguko mkubwa, la sivyo kila kitu kinamwagika. Mimi ndiye niliyesema hivyo, na nikasema pia kwamba nyumba yetu ya kuhama, aqal, ina miti mirefu iliyopindwa tangu ikiwa mibichi, na kila mti una upinde ule ule kama wenzake, maana mama na nyanya zangu waliipinda kwa kipimo kimoja. Tukaazima mti mmoja wa aqal kwa jirani aliyehamia mjini, tukaulaza juu ya mbao, tukapiga mstari wa mkaa kuufuata. Treni ikapita Wajir bila kutikisika. Abti akanitazama, akasema nina kichwa. Kabla ya siku ile hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba nina kitu chochote.

Nilidhani tumemaliza. Abti akacheka. Alisema mbao na chuma ni mifupa tu, reli yenyewe ni ratiba. Akachukua karatasi ya kaki iliyotoka dukani, akaandika majina ya stesheni upande mmoja yakishuka, Elwak juu na Garissa chini, na kwa upana akaandika dakika za saa yake ya mezani, kila dakika ikihesabiwa kuwa saa nzima. Kisha akachora mistari ya mshazari: treni inayoshuka kwenda Garissa mstari huu, inayopanda kuja Elwak mstari ule. Sikuwa nimewahi kushika penseli, lakini mistari ile niliielewa siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimesimama juu ya vilima mara nyingi nikaona nyayo za makundi mawili ya mifugo yakienda kukutana. Abti aliniwekea kidole pale mistari ilipokatana, akasema mahali hapa lazima pawe na stesheni yenye njia ya pili, treni moja iingie pembeni ingoje, nyingine ipite. Mistari ikikatana mahali pasipo stesheni, alisema, andaa sanda. Majina ya stesheni aliyapaka rangi nyeupe juu ya vifuniko vya makopo, na hayo ndiyo yaliyonifundisha kusoma. Herufi ya kwanza ya Habaswein ilikuwa nguzo mbili zimeshikwa na kamba. Ya Elwak ilikuwa kitana. Kufikia mwezi wa pili nilisoma reli nzima kutoka juu hadi chini na kutoka chini hadi juu, na Adeer akawa ananiita dukani nimsomee magunia, akijifanya amesahau miwani ambayo hakuwa nayo.

Sheria ya reli ilikuwa moja, na mtu yeyote anaweza kuielewa. Kati ya stesheni na stesheni kulikuwa na njia moja tu, na kwa kila kipande cha njia kulikuwa na kijiti kimoja tu, kilichopakwa rangi yake. Dereva aliyekuwa na kijiti mkononi alikuwa na njia. Asiye nacho alisimama, hata angekuwa nani. Mimi nilikuwa mwenye stesheni ya Habaswein, chumba cha mbele. Abti alikaa chumba cha nyuma akisimamia Modogashe na Garissa. Kati yetu ulikuwa ukuta, na treni ilipita kwenye tundu tulilotoboa. Dereva alisukuma treni yake iingie, akazunguka mlangoni mbio, akaivutia upande wa pili. Kwa kuwa hatukuonana, tulifunga kengele ya ngamia, ile ya mti, kwenye kamba iliyopita juu ya ukuta. Ikilia mara mbili maana yake ni treni imetoka Modogashe inakuja kwangu, na kijiti cha kijani kiko kwa dereva wake. Msumari wangu wa kijiti ukiwa mtupu, mimi sina njia ya kumpa mtu. Dereva wetu mkubwa alikuwa Ebla, binti wa Adeer, aliyenizidi mwaka mmoja na kujiona amenizidi kumi. Alikuwa akiniambia, "Wewe wa porini, treni haikamuliwi, iache ipite." Nami nilimwambia nyumba yao yote haina mtu anayejua kichwa cha ngamia na mkia, achilia mbali treni.

Mkono wangu ulipona kabla ya mvua, jambo ambalo lilinihuzunisha. Niliufunga tena mwenyewe na kitambaa nikasema bado unauma. Abti hakudanganyika. Alimtumia baba ujumbe kwa wachuuzi wa mbuzi kwamba mtoto ana akili ya kalamu, aachwe mjini, yeye atampeleka shule pamoja na Ebla. Jibu lilirudi kwamba baba atakuja ajionee kwanza mtoto wake anafanya nini huko. Nililielewa neno lile vizuri kabisa. Kama baba angependa atakachokiona, ningebaki. Kama hangependa, ningerudi kwa mbuzi, na kwa mbuzi hakuna karatasi. Abti akapanga ratiba ndefu kuliko zote, treni nne, kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, na akaniambia siku hiyo asiyekosea atakuwa mimi. Tulijaribu mara tisa. Nilikuwa ninaota kengele.

Baba alikuja na mzee mmoja mfugaji wa Takaba, rafiki yake, ambaye alikuwa njiani kupeleka ngamia. Adeer akaita wazee wengine watatu wa mjini, wakaingia wakavua viatu mlangoni kana kwamba ni msikiti, wakasimama katikati ya stoo, mikono nyuma. Walicheka mwanzo. Halafu treni ya kwanza ikatoka Elwak, ikapishana na ya pili hapo Wajir, moja ikangoja, moja ikapita, na kicheko kikapungua. Mmoja wao alitaka kujua kwa nini reli haifiki Griftu, ambako kuna soko kubwa kuliko huko kote. Abti akamwonyesha mahali ambapo tawi litatokea. Mzee wa Takaba alitembea kutoka stesheni hadi stesheni akiuliza kila kibao kinasema nini, na alipofika mwisho akauliza Takaba iko wapi. Abti akamweleza kwa adabu kwamba Takaba iko magharibi, mbali na njia hii. Mzee akatikisa kichwa. "Hata reli ya makopo imetuacha," akasema, na stoo nzima ikacheka mpaka vumbi likaanguka darini. Kumtuliza, Abti akampa waya wenye ndoana na treni ya tatu, iliyobeba ngamia wanane wa udongo, aipeleke Garissa mwenyewe, kisha akarudi chumba cha nyuma. Abti alifanya kosa pale, lakini lilikuwa kosa la mtu mwenye adabu, na mimi lilinigharimu.

Mzee aliivuta vizuri. Aliimba wimbo wa kisimani kwa sauti ya chini, akapita Kotulo, Tarbaj na Wajir, akafika kwangu. Kwa ratiba, hapo alipaswa kuingia pembeni angoje, maana Ebla alikuwa anapanda kutoka Modogashe. Kengele ya mti ilikuwa imelia mara mbili. Msumari wangu ulikuwa mtupu. Nilijua Ebla yuko njiani kama ninavyojua jina langu, na sitaki mtu anitetee kwa kusema nilikuwa mtoto. Mzee akasimama mbele yangu na waya wake, akaniambia, "Binti, fungua njia. Nimetoka Elwak na ngamia wangu hawajanywa siku tisa." Alikuwa anatania, lakini alisimama kama mtu anayengoja. Nyuma yake alikuwa baba, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake.

Sasa nitaeleza jambo ambalo mtu wa mjini halijui. Kwenye visima vyetu kuna zamu, na zamu huheshimiwa hata watu wakiwa na njaa, lakini msafiri hana zamu. Msafiri akifika, mifugo yake hunywa kwanza, na mwenye kisima anakaa pembeni na kiu yake. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatuna majembe, na mgeni wetu hatuhesabu siku zake. Na mtoto wa kike kumwambia mzee, mgeni, rafiki wa baba yake, asimame? Mbele ya baba yake? Nilitafuta maneno ya kumwambia angoje, na katika lugha yangu yote sikuyapata. Nikamtazama baba. Baba akanyanyua kidevu kidogo, kama anayeuliza unangoja nini. Nikasema, "Pita, awowe," kama tunavyomwita babu. Mzee akaisukuma treni kwenye tundu la ukuta.

Mlio wa makopo yakigongana ndani ya ukuta wa udongo si mkubwa. Ni kama sufuria inayoanguka nyumba ya jirani. Vumbi jekundu lilitoka tunduni, na kichwa cha ngamia wa udongo kikabingirika mpaka miguuni pa Adeer. Wazee walicheka tena, na mzee wa Takaba alicheka kuliko wote. Abti alitoka chumba cha nyuma kijiti kikiwa mkononi mwake, maana alimnyang'anya Ebla. Hakuitazama treni. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Kengele ulisikia?"

"Nilisikia, abti."

"Kijiti kilikuwa wapi?"

"Kwa Ebla."

"Sasa ulimwachia kwa nini?"

"Ni mgeni."

Hakunipiga. Nilitamani anipige, ingekuwa rahisi. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba kwenye reli ya kweli mgeni wangu sasa amekufa, na Ebla amekufa, na waliokaa nyuma yao wote. Hapo baba akateremsha fimbo mabegani. Akasema mtoto amefanya kama alivyolelewa, na kama kuna mtu wa kulaumiwa ni aliyejenga kitu ambacho ndani yake mgeni anasimamishwa na mtoto. Abti akainua kile kigutu cha mkono wa kulia, akakiweka mbele ya macho ya baba, na kwa mara ya kwanza tukasikia mkono ulikoachwa. Siku moja katika stesheni yake mkubwa mmoja alikuwa na haraka, hakutaka kungoja njia. Stesheni masta, mtu mwenye adabu zake, aliona haya kumsimamisha mkubwa. Abti alikuwa kati ya mabehewa mawili wakati behewa la tatu, la yule mkubwa, lilipokuja. "Na yeye alimheshimu mgeni," Abti akasema. "Heshima yake hii hapa."

Mzee wa Takaba alikaa chini juu ya ngozi, akaomba radhi, akasema yeye angeweza kungoja, hakuna aliyemwambia. Nilimpenda kwa neno lile, lakini halikusaidia. Baba alifikiri kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akishafikiri hageuki. Alisema Nur ana sababu yake na kidonda chake, wala hakatai. Lakini yeye ana mtoto mmoja tu anayejua bila kuambiwa mgeni ni nani, na mtoto wa namna hiyo hawezi kumwacha mahali ambapo atafundishwa kusahau. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, akasema, na huyu nimemlea nikamaliza. Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Ebla alinisindikiza mpaka mwisho wa maduka, hakunitania hata mara moja, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimepoteza kweli. Kwa miaka mingi nilijiuliza ingekuwaje kama ningemsimamisha mzee. Siku hizi najibu: baba angesema mjini wamenifundisha utovu wa adabu, na tungeondoka mchana ule ule.

Gu iliyofuata nilikuja mjini na mama kununua sukari, nikakimbilia stoo. Reli ilikuwa bado inafanya kazi, na Griftu ilikuwa imepata tawi lake. Pale Habaswein, kando ya madebe, Abti alikuwa ameongeza kigoda kilichofunikwa ngozi safi ya kondoo, birika dogo, na kikombe. Dereva yeyote aliyefika bila njia alikaribishwa kuketi, akamiminiwa chai, na hakupewa kijiti mpaka anywe. Abti aliniambia kosa halikuwa langu peke yangu. Alisema alijenga mahali pa kusimamisha watu, akasahau kujenga mahali pa kuwaketisha. Miaka miwili baadaye malori yakarudi, ngozi zikajaa, Adeer akahitaji vyumba vyake, na reli ikavunjwa, mikanda ikafunga marobota tena. Abti hakulalamika. Alikufa Elwak, na waliombeba walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea kwa mtu asiye na ngamia.

Mimi nikaolewa, nikazaa, nikazika, nikachunga. Ulipokuja ukame ambao watu walishikiana visu kisimani, niliwaomba wanaume wa kwetu wanipe siku moja tu. Niliandika zamu kwa mkaa kwenye kifuniko cha debe, nikampa kila mwenye kundi alama ya mti, na asiye na alama hakushuka. Lakini kwanza nilitandika mkeka kivulini na kuweka birika. Mtu anayekunywa chai hajasimamishwa, amekaribishwa. Hakuna aliyechomwa kisu mwaka ule kwenye kisima kile. Waulize, wapo walio hai.

Leo stoo ile ni duka la simu, na sakafu ina vigae. Lami inakuja, vijana wanafika Wajir na kurudi siku moja, reli ndiyo bado wanaizungumza tu. Hodan, mjukuu wangu, anafundisha hesabu Garissa. Yeye anasoma kwenye simu huku anatembea, na nikimwambia ataanguka anasema, "Ayeeyo, mimi sianguki," na kweli haanguki. Hakuna binti yangu hata mmoja niliyemtoa shule, ingawa shemeji zangu walikuja mara tatu na maneno yao mazuri. Niliwapa chai, wakarudi walikotoka.

Hodan ndiye aliyeniuliza kama baba alinikosea. Nilimsimulia mwaka wa mwisho wa baba, alipokuwa haoni. Walikuwa wamemwandikia karatasi hospitalini, kurasa mbili kuhusu macho yake, na nyumbani siku hiyo tulikuwa mimi na yeye tu. Nilimsomea. Nasoma kwa kidole, neno baada ya neno, na maneno marefu nayakata vipande kama kamba ngumu. Alisikiliza mpaka katikati ya ukurasa wa kwanza.

"Ungesoma haraka zaidi," akasema, "kama ningekuacha kwa Nur."

"Ndiyo, aabo," nikasema.

Akaniambia niendelee. Hodan angeimaliza karatasi ile kwa pumzi moja. Mimi nilianza kivuli kikiwa mlangoni, na nilipofika neno la mwisho kilikuwa kimefika kwenye zizi. Lakini nilifika.